Kifungo Cheusi cha Mtangazaji

Wateja wangu huniuliza mitindo naitoa wapi, na mimi huwajibu naiba. Hucheka wakidhani nafanya masihara. Wallahi naiba. Maua ya hina kwenye mkono wa bibi harusi nikiyaona mara moja tu, wiki haiishi utayakuta kwenye pindo la gauni la mtu. Nakshi za mlango wa msikiti wa zamani nimezihamishia kwenye mikono ya magauni, mpaka imamu alipomwona mkewe amevaa moja akaniuliza kama nimewaachia hata bawaba. Kuna tuktuk moja pale Ukunda imepakwa mistari ya manjano na zambarau, niliifuata kwa macho mpaka ikapotea, nikarudi Msambweni bila kitambaa nilichokwenda kununua. Fundi wa nguo asiyekuwa na jicho la wizi ni heri auze vitumbua.

Lakini mwizi naye ana nyumba anayoipenda kuliko nyingine. Mimi yangu ilikuwa kwenye televisheni, kwa yule mwanamke aliyekuwa akisoma habari za Kiswahili jioni. Nilimpenda, sitaki kuficha. Nilipenda kola zake zilivyokaa bila kusinyaa. Nilipenda alivyovaa rangi moja tu na bado ukamwona yeye kabla ya kuiona nguo. Na nilipenda kwamba akifika kwenye habari ya msiba wa watu, hata kama ni watu wa mbali asiowajua, alikuwa akinyamaza kidogo, kisha ndipo aendelee. Mimi nina hasira za karibu, kila mtu mtaani anajua. Mteja akinijia juu, hujiambia nikae wima kama mtangazaji, nitulize sauti. Hunisaidia kwa muda mfupi sana, lakini hunisaidia.

Televisheni yangu mwenyewe ilikufa kwa radi na sikununua nyingine, kwa sababu ukuta wa pili aliishi shoga yangu. Yeye alikuwa muuza mahamri na mbaazi asubuhi, na mumewe mpishi katika hoteli moja ya Diani. Jioni mume akirudi na kuoga, tulikaa watatu sebuleni kwao, mumewe kwenye kiti chake, sisi wanawake mkekani, tukasikiliza habari. Au tuseme yeye ndiye aliyesikiliza. Sisi tulibishana.

Ubishi wetu mkubwa ulikuwa mtangazaji amevaa nini chini ya meza. Maana mtu yule unamwona kutoka kichwani mpaka tumboni, baada ya hapo ni meza. Mimi nilishikilia kwamba ni sketi ndefu ya marinda, kwa kuwa kola kama ile haiendi na kitu kingine. Shoga yangu akasema ni suruali. Tukamgeukia mumewe atuamue.

"Shemeji," akaniambia, "amevaa kikoi kama mimi. Nani atamwona?"

Mkewe akamtupia mto, tukacheka mpaka habari za michezo zikatupita.

Habari zikiisha ndipo zetu zilipoanza. Shoga yangu alikwenda jikoni akachukua mwiko, akaketi mezani, akajiweka sawa mtandio, akakohoa kidogo kama mtangazaji, akasema kwenye ule mwiko: "Hamjambo watazamaji. Mbuzi wa jirani ameingia tena kwenye mihogo ya watu, na mwenyewe anasema mbuzi hana habari. Huku hapa Msambweni, fundi mmoja wa nguo aliahidi gauni tangu kabla ya Ramadhani, na mpaka tunakwenda hewani mteja bado anavaa ahadi." Sauti ilikuwa ile ile, jamani. Kama ungefumba macho ungedhani ni yule wa Nairobi. Alikuwa na kipaji ambacho hakuna aliyekiona ila mimi na mumewe, na mwenyewe hakutaka kuonekana na zaidi ya sisi wawili; binti yao alisikia tu kutoka chumbani.

Akinyamaza tu, mumewe alipiga kelele: "Hali ya hewa! Umesahau hali ya hewa!"

Hakuwa amesahau hata siku moja. Alikuwa akingoja aambiwe. "Hali ya hewa," aliendelea, "kesho kutakuwa na joto kali maeneo ya jikoni, na mvua ya matusi kwa yeyote atakayerudi kutoka Diani bila nazi." Mume alicheka mpaka akakohoa. Kila jioni mzaha ulikuwa huo huo, na kila jioni alicheka kana kwamba ndiyo kwanza ausikie.

Basi mume alipoleta televisheni kubwa zaidi, mimi ndipo nilipokiona. Chini ya kola ya mtangazaji, upande wa kushoto, palikuwa na kifungo kimoja cheusi. Kimoja tu, kidogo, hakina tundu, hakifungi chochote. Jioni ya pili akavaa nguo nyingine, na kifungo kipo. Ya tatu, kipo. Nikakosa raha. Nilikuwa nikiwaza hata nikiwa naosha vyombo. Fundi wa kawaida angeweka safu nzima ya vifungo kutoka shingoni mpaka kiunoni. Huyu wa kwake ameweka kimoja, tena hakina kazi, kimekaa tu kupendeza. Nikasema, huo ndio ufundi! Mtu anayejua kazi anajua na pa kuachia.

Nikachukua kifungo, nikakivika kitambaa cheusi, nikakishona kwenye gauni la shoga yangu, kushoto, chini ya kola. Lilipendeza, mashallah. Alipolivaa kwenda arusini, waliorudi walinijia dukani na vitambaa mkononi. Mtindo ukapata jina, gauni la habari. Wanawake wakaja kutoka Gazi. Ukaja msafara wa harusi wa Funzi, wote wanataka kifungo. Fundi mwenzangu wa upande wa pili wa barabara naye akaiga, tena akakiweka kulia. Nilivuka barabara nikamwambia, bila hata mswalie Mtume, kwamba kama unaiba basi iba vizuri, usitutie aibu sisi wezi.

Kichwa kilinivimba, kusema kweli. Nilijiona nimetoka ng'ambo na mtindo.

Kisha mume wa shoga yangu akafariki. Alirudi kutoka Diani akilalamika kifua kinambana, akakataa kupelekwa hospitali akisema amechoka tu, na kabla ya adhana ya alfajiri akawa si wetu tena. Nililia kama nimefiwa na ndugu. Nilikuwa nimefiwa na ndugu.

Shoga yangu akaingia eda, ile miezi minne na siku kumi anayokaa mjane ndani ya nyumba yake, hajipambi, hatii hina, hajifukizi udi, havai ila nguo za kawaida, hatoki ila kwa dharura. Mimi siioni eda kuwa mbaya. Inampa mtu mahali pa kulilia bila kuulizwa atamaliza lini. Kilichonitia hofu hakikuwa eda, kilikuwa kimya chake. Televisheni aliifunika shuka. Mwiko ulirudi kuwa wa kusongea sima, na anayesonga ni binti yake. Nilikwenda kila jioni nikiwa na habari za mtaa tele, mbuzi, arusi, nani amegombana na nani, naye akaitikia kwa kichwa. Ukimsalimu anajibu. Ukimwuliza anajibu. Zaidi ya hapo, hapana.

Eda ikiwa inakaribia kwisha, binti yake akanijia dukani. Ni msichana mkubwa, hufundisha watoto wa chekechea, na mimi huniita khalati ingawa si ndugu wa mamake.

"Shikamoo khalati."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso hivyo?"

"Mama anasema hatatoka. Anasema wanawake waje Ijumaa, wasome dua, wale, waende zao. Yeye atabaki chumbani. Jiko la mahamri amenipa mimi. Ameniambia pia nikamtafutie mwenye kuinunua televisheni."

Nikaacha cherehani. Nimewaona wanawake waliobaki ndani namna hiyo. Mwanzoni watu huwatembelea. Baadaye huuliza hali zao kwa watoto. Mwishowe watoto nao hawaulizwi, na mtu yuko pale pale, ukuta wa pili, mzima, na hakuna amjuaye. Sikutaka shoga yangu aniondokee huku bado yupo.

"Nitamshonea gauni la kutokea," nikasema. "Akiliona atatoka."

Nilimkuta amekaa kitandani. Nikatoa tepu yangu ya kupimia, naye akainua mikono bila kuambiwa. Alikuwa amekonda jamani, kiuno chake nilichokuwa nikikijua kwa moyo kilikuwa kimekwenda. Nikauma meno nisilie.

"Rangi gani unataka?"

"Yoyote."

"Ukisema yoyote nitakutilia manjano na zambarau za ile tuktuk."

Zamani angenijibu mimi na cherehani yangu mpaka nijute. Akasema, "Sawa."

Nikapandwa na hasira. "Sawa nini? Wewe mwanamke una nini? Ijumaa utatoka, tena mlango wa mbele, nimekwambia!"

Hakukasirika. Akashusha mikono taratibu. "Nikitoka nitaona mambo," akasema. "Kisha nitarudi. Nikirudi nitamsimulia nani?"

Nilikunja tepu yangu nikaenda zangu, na njiani nikampiga teke kuku wa watu asiye na hatia.

Nilimshonea hivyo hivyo. Kitambaa nikachagua cha kijani, kile cha majani ya mikoko ya Gazi mvua ikishayaosha, kwa sababu yeye ni mtu wa Gazi kwa kuzaliwa. Mikononi nikatia mti wa hina kwa uzi wa rangi ile ile, usionekane ila kwa aliye karibu. Kola ikawa ya mtangazaji. Chini, pale ambapo meza haijawahi kutuonyesha, nikatia marinda, kwa kuwa ubishi ule sikuwa nimekubali kushindwa. Na kifungo changu cheusi nikakishona mahali pake.

Gauni likiwa limetundikwa, akaingia mama mmoja wa Ramisi, Mkristo, mtu wa bara kwa asili, aliyeletwa huku na wazazi wake akiwa mdogo. Nilikuwa nawashonea kwaya yao sare. Ni mtu mchangamfu na mimi nampenda, isipokuwa siku ile. Akalizunguka gauni akilisifu, kisha akainama kwenye kifungo.

"Na hii ni nini?"

"Ndiyo mtindo wa mtangazaji," nikamjibu kwa maringo. "Hujaona kwenye tivi?"

Akanitazama. Akakitazama tena. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha kushikilia meza. "Aki mama! Woiye! Si hiyo ni maiki! Ni maiki ya kushika sauti, wanaifunga tu hapo kwa nguo. Hata pasta wetu anavaa hiyo kila Jumapili!"

Nilibishana naye, bila shaka. Akanionyesha kwenye simu yake pasta wao akihubiri, na kweli, chini ya kola, kushoto, kidude cheusi kimebanwa na kibanio, na waya mwembamba umejificha kwenye tai. Nikahisi damu yote imenipanda usoni. Msambweni nzima, na Gazi, na msafara mzima wa harusi wa Funzi, wote nimewavika maiki ya kitambaa! Na yule wa ng'ambo ya barabara niliyemkemea kwa kuiweka kulia!

Yule mama aliponiona nimebadilika alinyamaza. "Lakini inapendeza," akasema kwa upole. "Mimi nakwambia ukweli, hata ungeweka kwa sare zetu singekataa." Nilijua ananihurumia, na huruma ile ikanichoma kuliko kicheko. Alipoondoka nilichukua mkasi nikakikata kifungo kile kwenye gauni la kijani, nikakitupa kwenye kopo. Shoga yangu hakuwa na haja ya kutoka eda akiwa amevaa ujinga wangu.

Ijumaa wanawake wakaja. Alioga, akavaa, binti akamfukiza udi. Dua ikasomwa, tukaitikia. Alitoka chumbani mpaka sebuleni, kwa heshima ya wageni, akaketi, na ile televisheni nyuma yake bado imefunikwa shuka. Gauni lilimkaa vizuri sana. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, jua limeingia mpaka nusu ya mkeka, naye akakaa nusu nyingine, ile ya kivuli. Binti alinitazama. Nikajua akiinuka pale atarudi chumbani.

Ndipo mkono wake ukapanda shingoni, ukashuka kushoto, ukapapasa.

"Kifungo kiko wapi?"

Nyumba nzima ikanigeukia mimi, na karibu nusu ya nyumba ilikuwa imevaa vifungo. Nilitamani kusingizia kitu. Lakini tangu msiba uingie lile lilikuwa swali lake la kwanza kuniuliza bila mimi kumwanza, nikaona singeweza kulijibu kwa uongo.

"Si kifungo," nikasema. "Nimeambiwa ni maiki. Ndiyo wanayosemea. Mimi sikujua, nimewashonea wote, mnisamehe."

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Kila mwanamke aliinamisha kichwa kujitazama kifua. Shoga yangu alinitazama, na nikaona mdomo wake unacheza.

"Maiki," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa hivyo arusi zote zile tulikuwa hewani."

Akacheka. Jamani, alicheka! Wote wakacheka, na mimi nikalia na kucheka pamoja, kamasi zikinitoka bila haya. Kisha akasema, "Kilete. Kirudishe."

Nilikimbia dukani bila viatu. Nikamshonea kifungo kile akiwa ameketi vile vile, kichwa changu kimekaribia kidevu chake, na nikasikia pumzi zake zinakwenda haraka. Nikakata uzi kwa meno.

Akajiweka sawa mtandio. Akakohoa kidogo. Mbele ya wanawake wote wale, yeye ambaye hakuwahi kusoma ila mbele ya sisi wawili, akainamia kifungo, na sauti ya jioni ikatoka, ile ile.

"Hamjambo watazamaji. Habari kutoka nyumba hii ni kwamba mume wangu amefariki."

Akanyamaza kidogo, kama yule wa televisheni anavyonyamaza kwa watu asiowajua.

"Alikuwa mpishi. Nyumbani hakupika hata chai. Alikuwa akinicheka, na nilipenda anavyonicheka. Binti yake yu mzima. Jirani yake fundi ameuvika mji mzima maiki na hajashtakiwa."

Wanawake walikuwa wanacheka na kufuta macho. Yeye alinyamaza. Habari zilikuwa zimekwisha, na sote watatu, yeye na binti na mimi, tulijua sasa ni wakati wa nani kusema. Kiti cha mumewe kilikuwa pale, hakuna aliyekikalia. Nikaona uso wake unaanza kujifunga tena.

Nikasema kwa sauti isiyokuwa yangu, "Hali ya hewa. Umesahau hali ya hewa."

Alinitazama. Machozi yalimtiririka bila yeye kuyafuta.

"Hali ya hewa," akasema kwenye kifungo. Akatazama jua lililokuwa mkekani, akatazama mlango. "Hali ya hewa siijui. Nimekuwa ndani. Ngojeni nikaangalie."

Akainuka, akashika marinda yake yasiburuze, akatoka.